Sura ya Tisa: Tatu Nukta Nne

Tak.

Jokofu la jikoni lilijiwasha gizani, likakohoa mara moja, kisha likaanza kunguruma. Chiriku alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mwanawe wa miezi saba kifuani, ananyonya kwa pupa kama aliyetoka kulima. Saa kumi na moja alfajiri. Nyumba nzima ilikuwa imelala isipokuwa wao wawili na lile jokofu.

Jina la Chiriku alipewa kituoni siku yake ya kwanza ya upelelezi, kwa ajili ya maswali yake yasiyokwisha, nalo likamganda kama gundi. Alfajiri hiyo alikuwa na swali moja tu, na ndilo lililomnyima usingizi: kwa nini mtu aandike namba ileile mara tano?

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Katika maabara ya hospitali kulikuwa na mtungi wa dawa ya kupimia damu ya watoto wachanga, kazi ya wiki sita. Dawa ile ilitakiwa ikae kwenye nyuzi nne za joto, ikizungukwa na maji yanayopozwa na mashine. Jumamosi asubuhi mtungi ulikutwa kwenye nyuzi ishirini na saba, dawa imeharibika, na mashine imepangwa ilenge nyuzi thelathini. Zamu ya usiku ilikuwa ya fundi sanifu mmoja, mama wa mtoto mmoja, ambaye wenzake walimwita Dada Kalamu kwa kuwa kalamu haikutoka nyuma ya sikio lake. Daftari lake lilisema: saa mbili, 3.4. Saa nne, 3.4. Saa sita, 3.4. Saa nane, 3.4. Saa kumi, 3.4.

Mkuu wa kituo alipoliona alicheka. Alisema huyo mama alibonyeza vibaya, akauchapa usingizi, na alipoamka akajaza karatasi kwa mkupuo. Basi Dada Kalamu akawekwa mahabusu. Leo, Jumanne, saa sita mchana, angepandishwa kizimbani. Na akishasomewa shtaka, leseni yake ya kazi ingekwenda na maji.

Tak. Jokofu likazima. Mtoto akaacha ziwa, akasikiliza ule ukimya, akarudi kwenye shughuli yake. Baada ya dakika chache, tak, mngurumo ukaanza tena.

Chiriku aliacha kupepesa macho.

Mashine ya kupoza huhema. Ikipata baridi hupumzika, joto likipanda huamka, likishuka hulala. Basi hata namba yake lazima ipande na ishuke. Alinyoosha mkono mmoja kwenye jalada, akawasha taa ya simu, akafunua kurasa za wiki zilizotangulia. 3.8. 4.2. 3.9. 4.1. Namba zilikuwa zikipanda na kushuka kama kifua cha mtoto aliyelala. Usiku wa Ijumaa peke yake ndio uliosimama kama nguzo.

Mkuu wa kituo alikuwa ameona hivyo pia, akasema ni uongo. Lakini mwongo huandika kile mkubwa wake anachotaka kukisoma. Dada Kalamu angekuwa anatunga, angeandika nne kamili, au angezitawanya kidogo zifanane na za jana. Nani aliyejaliwa akili timamu angetunga tatu nukta nne?

Ina maana aliiona. Aliiona mara tano.

Chiriku alimpeleka mtoto chumba cha pili akamlaza ubavuni mwa bibi yake. Bibi, bila kufumbua jicho, alimwambia kwamba wezi wenyewe saa hizi wamelala, yeye anamkimbilia nani. Chiriku alijibu kwamba hana hakika kama kuna mwizi. Bibi akasema basi hiyo ni mbaya zaidi, akavuta shuka.

*

Saa moja kasoro alikuwa kwenye korido ya maabara, na wa kwanza kumkuta alikuwa mlinzi, mzee mwenye koti refu kuliko mwenyewe. Benchi lake lilikuwa limeegemea ukuta wa maabara. Chiriku alimwamkia, mzee akaitikia, na akawahi kujitetea kabla hajaulizwa: mlinzi halali, hufumba macho ili asikie vizuri.

Chiriku alisema hilo halina ubishi. Akamwomba amsimulie tena habari ya king'ora. Kwenye maelezo aliyoandika polisi Jumamosi kulikuwa na mstari mmoja tu: king'ora cha mashine kililia, mlinzi alikisikia. Hakuna aliyemuuliza saa ngapi.

"Kililia saa ngapi, mzee wangu?"

"Asubuhi. Naibu wa mkuu wa maabara alipofika."

"Alikikuta kinalia, au kililia baada ya yeye kuingia?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua hunyesha juu au chini. "Baada, mwanangu. Nilikuwa nimejimiminia chai. Yeye kaingia, mimi nimemaliza kikombe, ndipo kikalia. Chai iliyobaki kwenye chupa nikaimwaga kwa mshtuko."

"Na usiku?"

Usiku, alisema, kulikuwa kimya kitupu. Siku nyingine ile mashine, ambayo wafanyakazi waliiita Bibi Baridi, humtikisia ukuta mgongoni kila inapoamka, hata usiku mwingine huhama benchi. Ijumaa haikumgusa. Alidhani imepona.

Alimfungulia daftari lake la mlangoni. Dada Kalamu alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Naibu wa mkuu wa maabara aliingia saa moja kasoro dakika kumi. Na simu ya kuripoti uharibifu, Chiriku alijua kutoka kwenye jalada, ilipigwa saa moja na nusu. Dakika arobaini. Kwenye maelezo yake Naibu alisema amekuta king'ora kinalia, akakizima, akapiga simu papo hapo.

Chiriku alipiga picha ukurasa ule.

*

Fundi Barafu alifika na mkoba wa bisibisi na mdomo usiotulia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu mjini kote, na Chiriku alimwita kwa kuwa alishamtengenezea la kwake mara tatu bila kumdanganya. Bibi Baridi alisimama kwenye kona, sanduku la kimo cha kiuno, mabomba mawili yakitoka nyuma yake kwenda kwenye kabati jeusi. Ndani ya kabati mlikuwa na mtungi wa kioo. Dawa ile haitakiwi kupata mwanga, ndiyo maana kabati halifunguliwi usiku. Mtu wa zamu husoma kioo cha namba kwenye uso wa mashine, basi.

Tangu Jumamosi hakuna aliyeigusa. Polisi walikuwa wamezungushia utepe. Chiriku aliukata.

Fundi Barafu alisema mashine za namna hii ni kama mama mkwe: usipoziamkia kwa utaratibu hazikufungulii mlango. Alibonyeza kitufe cha pili akakishikilia mpaka kioo kikapepesa, kikadai namba ya siri. Chiriku aliisoma kwenye maelezo ya Dada Kalamu. Watu wawili tu walikuwa nayo, yeye na Naibu, na hilo nalo lilikuwa limemkandamiza yule mama.

"Ukurasa wa kwanza, joto la kulenga," alisema Fundi. "Thelathini. Huyu alitaka kupika."

"Endelea."

"Wa pili, king'ora cha juu." Alisogeza uso karibu na kioo. "Sita."

"Nieleweshe mimi nisiyejua."

Alimweleza. Mashine hii inapiga kelele yenyewe joto likipita mpaka uliowekwa. Mpaka wa juu ni nyuzi sita, wa chini nyuzi mbili. Sasa aliyepanga thelathini hakugusa mpaka wa king'ora. Kama jambo hilo lingefanyika usiku, maji yangeanza kupanda, na yangefika sita na ushee kabla ya muda wa saa mbili kupita, king'ora kingelia mpaka walioko wodini waamke. Kingelia mpaka mtu aje akizime.

"Na usiku hakikulia," alisema Chiriku.

"Basi usiku mashine haikujua kama kuna joto."

"Inajuaje?"

Ukurasa wa nne ulijibu. Mashine ilikuwa imepangwa isipime maji ya tumboni mwake, bali ifuate sensa ya nje: kijiti cha kupimia joto, cha chuma kama kalamu, chenye waya mrefu, kinachochovywa ndani ya mtungi wenyewe. Sensa ikiona baridi, Bibi Baridi hupumzika, hata kama dunia nzima inaungua. Fundi aliufuata waya kwa kidole, kutoka nyuma ya mashine, chini ya meza, hadi kabatini. Ulikuwa mrefu kupita kiasi. Ungeweza kwenda kabatini na kurudi.

Chiriku alisimama katikati ya chumba akazunguka taratibu. Alihisi lile joto la shingoni analolijua, la mtu aliyekaribia.

"Fundi, ndani ya chumba hiki, kitu gani kinakaa kwenye tatu nukta nne?"

Walikiona pamoja. Hatua mbili kutoka kwenye mashine kulikuwa na jokofu la dawa, na kwenye mpira wa mlango wake, upande wa bawaba, kulikuwa na mfereji mwembamba uliokandamizwa na kitu chembamba mara nyingi. Chiriku aliulaza waya wa sensa pale. Ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Alifungua. Nyuma kabisa, rafu ya chini, chupa kubwa ya maji ya lita tano, maji mengi yasiyoyumba jokofu likiwaka na kuzima, na ndani yake kipimajoto kirefu cha zebaki. Kwenye chupa palibandikwa karatasi: Chupa ya Ijumaa. Alipiga magoti kwenye sakafu baridi, akalinganisha jicho na mstari wa zebaki.

"Soma wewe," alimwambia Fundi. "Mimi simwamini mtu mwenye hamu kama yangu."

Fundi Barafu alichuchumaa, akafuta vioo vya macho, akasoma. "Tatu nukta nne."

Hapo Chiriku alifungua kabati la mafaili kwa kasi iliyomwangusha kiti. Kila Ijumaa, ndivyo maabara ile ilivyofanya kazi miaka yote, sensa ya Bibi Baridi hutolewa kwenye mtungi, ikachovywa kwenye chupa ile, ikalinganishwa na zebaki, kisha ikarudishwa. Fomu ya kila wiki ilikuwa na sahihi. Fomu ya Ijumaa iliyopita ilikuwa juu kabisa. Saa tisa alasiri. Zebaki, 3.4. Sensa, 3.4. Chini, sahihi ya Naibu, yenye mkia mrefu kama wa kishada. Na mwisho wa fomu kulikuwa na kisanduku kidogo: Sensa imerudishwa mtungini. Kisanduku kilikuwa kitupu.

*

Saa mbili kamili walianza. Fundi Barafu alijaza mtungi maji safi ya baridi. Alirudisha joto la kulenga kwenye nne, akaacha mipaka ya king'ora ilivyo, akashikilia kitufe mpaka kioo kikapepesa mara mbili, maana bila hivyo, alisema, mashine husahau kila ulichoiambia. Wakasubiri maji yapoe. Kisha Chiriku alitoa sensa kwenye mtungi, akaichovya kwenye Chupa ya Ijumaa, akafunga mlango wa jokofu juu ya waya.

Kioo: 3.4. Bibi Baridi akatulia. Pampu yake pekee ndiyo iliyobaki ikizungusha maji, sauti ndogo kama ya mtu anayesukutua.

Naibu alifika saa mbili na nusu. Kijana mtanashati, koti jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alishangaa kuona utepe umekatwa, akauliza kama kesi haijaisha, akamwita dada mpelelezi, akamkaribisha chai. Chiriku alimwambia chai watakunywa, aketi kwanza, wanapima jambo. Akaketi. Akaongea juu ya uchovu wa kazi za usiku, na kwamba yeye hamlaumu sana Dada Kalamu, mama mwenye mtoto hulala popote. Chiriku, aliyeamka saa kumi na moja na maziwa yamemlowesha blauzi, aliliacha hilo lipite.

Kisha Naibu aliona waya. Macho yake yaliufuata mpaka mlangoni mwa jokofu, na hadithi ya uchovu ikakatikia njiani.

Saa tatu, kipimajoto cha pembeni ndani ya mtungi kilisoma nyuzi saba. Kioo cha mashine, 3.4. Hakuna king'ora. Saa tatu na nusu, tisa na nusu. Kioo, 3.4. Saa nne, kumi na mbili. Kioo, 3.4. Kila nusu saa Fundi Barafu aliandika kwenye karatasi kwa mwandiko wa kuku, na karatasi yake ilianza kufanana na daftari la Dada Kalamu kama ndugu wa tumbo moja.

Chiriku aliliweka daftari mezani. Ubavuni mwake akaweka fomu ya Ijumaa.

"Nisomee hapa, tafadhali. Joto la chupa."

"Tatu nukta nne," alisema Naibu.

"Na hapa, usiku kucha?"

Hakusoma. Alisema namba zinaweza kugongana. Alisema mlinzi ni mzee na hulala. Alisema yeye alikuta king'ora kinalia.

Chiriku hakubishana. Alifungua jokofu, akaitoa sensa kwenye chupa, akaivusha hatua mbili na kuichovya kwenye mtungi wenye joto, mahali pake halali. Kioo kilipanda: nne, tano, sita. Kwenye sita nukta moja Bibi Baridi alipasua chumba. Kilikuwa king'ora cha kuamsha wafu. Korido nzima ilijaa wauguzi, na mlinzi wa mchana akaja na rungu. Fundi Barafu alikizima, na masikio ya wote yakabaki yakipiga filimbi.

"Ndivyo kilivyolia Jumamosi," alisema Chiriku, "ulipoirudisha sensa. Mzee alikuwa amemaliza kikombe kimoja cha chai."

Naibu alitazama viatu vyake. Alipoongea, ile sauti ya kukaribisha chai ilikuwa imekwisha. Ijumaa saa tisa aliitwa ofisini kwa mkuu wake, akaiacha sensa kwenye chupa akidhani ni kwa dakika mbili tu. Huko akaambiwa jina lake limependekezwa kuongoza maabara. Akatoka akiwa na furaha, akaenda nyumbani moja kwa moja. Jumamosi alipofungua kabati, mtungi ulikuwa vuguvugu.

"Niliogopa," alisema. "Nikairudisha. Kikalia. Nikakizima, na mkono ukawa umeshafika kwenye vitufe. Nikaandika thelathini. Nilijua watasema ni mtu wa zamu."

"Wamesema. Siku ya nne hii yuko mahabusu."

"Sikudhani watamfunga, dada. Nilidhani watamgombeza."

Chiriku alimpa kalamu na karatasi, akamwambia aandike hivyohivyo, asipunguze wala asiongeze chumvi. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano.

*

Simu ya mkuu wa kituo iliita mara tatu ndipo ikapokewa. Alianza kwa kusema gari la mahabusu limeshapakiwa. Chiriku alimwomba alipakue. Mkuu akasema huwezi kuirudisha kesi mlangoni mwa mahakama kwa sababu ya chupa ya maji. Chiriku akamsomea fomu, akamsomea karatasi ya Fundi Barafu, akamsomea maelezo ya Naibu yenye sahihi mbichi, huku akitembea kwa haraka kuelekea barabarani na mafaili yote kifuani kama mtoto.

"Kwa hiyo zile namba zilikuwa za kweli," alisema mkuu.

"Zote tano, Afande. Aliandika alichokiona. Mashine ndiyo iliyodanganywa."

Mkuu akaguna. Kisha Chiriku akamsikia akipaza sauti kwa dereva, azime gari.

Alifika kituoni saa tano na robo, jasho limemtoka, akakuta Naibu ameshatangulizwa kaunta na polisi wawili, na mkuu anaandika mwenyewe karatasi ya kumwachia Dada Kalamu, mwandiko wa mtu asiyezoea kuomba radhi. Alimwuliza Chiriku, bila kuinua kichwa, ni nini kilichomfanya aanze kuzichunguza zile namba. Chiriku alisema maziwa ya mtoto na jokofu bovu. Mkuu alidhani anataniwa.

Dada Kalamu alitoka nyuma akiwa amevaa kandambili za mtu mwingine, nywele zimemsimama upande mmoja. Aliambiwa yuko huru, na kwamba barua ya kumsafisha itakwenda hospitali leo hii, na leseni yake haitaguswa. Aliuliza kama wameandika hayo. Mkuu akamwonyesha karatasi. Akaisoma mstari kwa mstari, hadi tarehe, akarudi juu akaisoma tena. Kisha akashika kaunta kwa mikono miwili, na Chiriku akamshika kiwiko.

Nje, kwenye ngazi, mdogo wa Dada Kalamu alikuwa amekaa tangu asubuhi na mtoto wa kike wa miaka sita, wakisubiri kuliona gari likipita. Mtoto alisimama. Hakukimbia. Alipanda ngazi moja moja mpaka akamfikia mama yake, akamtazama kutoka kwenye zile kandambili hadi usoni, kama anayehakikisha hajabadilishwa. Dada Kalamu alichuchumaa, akafungua mikono.

Mtoto akafungua kinywa, akaingiza kidole kwenye pengo la mbele.

"Jino liling'oka Jumapili," akasema.